Huruma Inayomtoa Mtoto Darasani

Mwulize mwalimu wa shule ya msingi leo, awe anafundisha Bunju, Mapinga, Zinga au Kiwangwa, kifafa ni nini. Wengi hawatakutajia jini wala kutupiwa kitu. Watakujibu kuwa ni maradhi ya ubongo, yana dawa hospitali, na hayaambukizi. Kisha mwulize la pili: mtoto mwenye kifafa asome darasani kwako? Hapo utasikia kauli ambayo imekuwa kama sera isiyoandikwa katika shule zetu za pwani: "Maskini, mtoto yule ni bora akae nyumbani kwanza. Kwa usalama wake. Akipona, atarudi."

Kauli hiyo haina chuki. Anayeitoa mara nyingi ni mwalimu yule yule anayetoa fedha mfukoni kumnunulia kalamu mtoto yatima. Mwalimu mkuu humwambia mzazi kwa upole, kamati ya shule huafiki, na mzazi, akiwa ameshachoka na macho ya watu, hukubali. Kila mmoja huondoka akiamini amemtendea mtoto wema. Nami nasema kauli hiyo inawaumiza watoto wenye kifafa kuliko ushirikina tunaoulaumu kila siku, na kwamba hata tukiipima kwa kipimo chake yenyewe, yaani usalama, haina mguu wa kusimamia.

Mjadala wa kifafa nchini umezoea kumtafuta adui mahali pamoja. Tunasema watu hawajui, wanaamini uchawi, wanaogopa kuambukizwa. Waelimishwe, na unyanyapaa utakwisha. Tazama sasa walichokikuta Rwiza, Matuja na wenzao katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993 katika jarida la kitabibu la Epilepsia. Waliwahoji wakuu wa kaya 3,256 wa vijijini Tanzania. Asilimia 40.6 waliamini kifafa huambukiza, kwa kumgusa mgonjwa, kwa pumzi yake, kwa hewa anayoitoa akianguka, kwa kula naye sahani moja. Asilimia 62.7 walisema hawangekubali mtoto mwenye kifafa aende shule. Lakini walipoulizwa kwa nini asiende, hofu ya kuwaambukiza wenzake ilitajwa na asilimia 11.2 tu. Sababu iliyotajwa kuliko zote, kwa asilimia 65.9, ilikuwa hofu kwamba mtoto ataanguka akiwa peke yake. Asilimia 54 walisema akili yake haiwezi masomo.

Hata wakati ule, ambapo watu wanne katika kumi waliamini maradhi haya huambukiza, hicho hakikuwa kilichomweka mtoto nyumbani. Kilichomweka nyumbani kilikuwa ni kumhurumia na kumdharau, vyote viwili kwa pamoja. Kwa zaidi ya miaka 30 tumekuwa tukihubiri kwamba kifafa hakiambukizi, na mahubiri hayo ni ya kweli na yamesaidia. Lakini tumeipiga sababu ndogo tukaiacha kubwa ikae salama, kwa kuwa imevaa nguo ya wema na hakuna anayethubutu kuigusa.

Sisemi kwamba imani za kale zimetoweka. Bagamoyo ina ushahidi wake. Katika miaka ya 1990, watafiti waliokuwa katika mradi wa vyandarua wilayani humo walieleza kwa kina jinsi wazazi walivyoitazama degedege. Walijua homa ya malaria ni ya hospitali, lakini mtoto akianza kukakamaa na kugeuza macho, hiyo kwao ilikuwa shughuli nyingine, ya mganga na mafusho, na sindano iliogopwa kwa kuaminiwa kwamba ingemmaliza mtoto. Makala yao ya mwaka 1996 kuhusu degedege ya Bagamoyo ilisomwa na wataalamu wa malaria mbali na hapa. Saa zilizopotea kwa mganga ziliwagharimu watoto wengine uhai. Wengine walipona homa wakabaki na jeraha katika ubongo.

Mwalimu wa pwani ana sababu ya kulijua jambo hili kuliko mwenzake wa mahali ambako malaria si kali, maana jeraha hilo huja kuonekana darasani kwake. Kule Kilifi, pwani hii hii upande wa Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto waliowahi kulazwa kwa malaria ya ubongo na kuwalinganisha na wenzao ambao hawakuipata. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba asilimia 9.2 ya waliougua malaria ya ubongo walikuwa na kifafa, dhidi ya asilimia 2.2 ya wale wengine. Degedege fupi ya homa, ile ya mara moja inayopita, mara nyingi haiachi kitu. Inayokwenda muda mrefu na inayorudi rudi katika homa moja ndiyo ya kuogopwa. Ukiongeza watoto waliochelewa kulia walipozaliwa, homa ya uti wa mgongo na ajali za bodaboda zinazopasua vichwa barabarani, unapata sehemu kubwa ya watoto wetu wenye kifafa. Hakuna hata mmoja aliyekitaka, na hakuna mzazi aliyekileta kwa dhambi.

Wingi wao nao haujulikani na wengi. Utafiti mkubwa uliofanywa katika vituo vitano vya Afrika na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba kifafa cha kuanguka ambacho bado kinaendelea kilikuwa kwa watu karibu 8 katika kila 1,000 huko Kilifi, na karibu 15 katika kila 1,000 huko Ifakara. Chukua kiwango kidogo cha Kilifi, ukiweke katika shule yenye wanafunzi 1,000, na shule za namna hiyo zipo tele kuanzia Tegeta mpaka Bagamoyo mjini. Unatarajia watoto wanane hivi, bila kuhesabu wale ambao kifafa chao hakiwaangushi. Kama mwalimu mkuu wa shule hiyo anamjua mmoja tu, au hamjui hata mmoja, basi waliobaki wako darasani kwa siri au wako nyumbani.

Na nyumbani ni wapi? Wanaosema "akae nyumbani kwa usalama wake" wana picha ya nyumba yenye kitanda, kivuli na mtu mzima aliyekaa kando akimwangalia. Mimi naijua pwani hii. Mama wa Mlingotini ambaye ana mwani wake hawezi kukaa ndani wakati maji yamekupwa. Atakwenda na mtoto baharini, au atamwacha na bibi asiyeona vizuri. Mama anayekaanga samaki pale soko la samaki la Bagamoyo atamweka mtoto karibu na karai la mafuta yanayochemka, kwa sababu hapo ndipo anapoweza kumwona. Aliyeachwa Kiwangwa wakati wazazi wako kwenye mananasi ataambiwa achochee moto wa maharage na ateke maji kisimani. Moto, kisima, bahari, mafuta ya moto, na hakuna jicho. Kila anayewahudumia watu wenye kifafa katika nchi yetu amekutana na makovu ya moto katika miili yao. Yale makovu hayakupatikana darasani.

Shuleni mtoto amekaa chini ya paa, sakafu iko sawa, hakuna moto isipokuwa jikoni kwa wapishi wa uji, na ana macho ya watu themanini. Akianguka, ataonekana dakika ile ile. Kwa mtoto mwenye kifafa wa familia ya kawaida ya pwani, kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa nane na nusu mchana hakuna mahali salama zaidi ya shule. Anayemtoa shuleni kwa jina la usalama anampeleka kwenye hatari aliyotaka kumwepusha nayo, kisha yeye mwenyewe haioni, kwa kuwa inatokea mbali na ofisi yake.

Neno la pili katika kauli ile ni "akipona". Linasemwa kana kwamba kifafa ni surua. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa mapema na kutibiwa ipasavyo; linasema pia kwamba katika nchi zenye kipato cha chini takriban robo tatu yao hawapati tiba wanayoihitaji. Fenobabitoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu kabisa, inawatosha wengi. Lakini tiba hiyo humezwa kila siku, na kwa kawaida daktari hafikirii kuipunguza mpaka mtoto amepitisha angalau miaka miwili bila kuanguka. Wengine wataimeza maisha yao yote na watakuwa mafundi, wakulima, wake na waume za watu.

Sasa weka "akipona arudi" juu ya ratiba hiyo. Mtoto wa darasa la pili anatolewa. Inapita miezi kabla hajafika hospitali, kisha miezi ya kutafuta kipimo cha dawa kinachomfaa, kisha miaka miwili. Akirudi, wenzake wako darasa la tano, naye anaambiwa akae na watoto wadogo waliomfikia kifuani. Hatarudi. Masharti ya "akipona" yamefanya kazi ya kumfukuza bila mtu yeyote kusema neno kufukuza.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi. Kauli ya huruma ndiyo inayowafanya wazazi wafiche. Tunapenda kuwarushia methali kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na tunaisema kana kwamba mama wa mtoto ni mjinga. Mama yule si mjinga. Amewaona majirani: yule aliyekwenda kumweleza mwalimu ukweli, mtoto wake sasa anachunga mbuzi, yule aliyenyamaza, mtoto wake bado ana begi mgongoni. Amepiga hesabu akachagua kunyamaza. Matokeo yake mtoto anakuja shuleni bila mwalimu kujua, hamezi dawa mbele ya mtu kwa kuogopa kuulizwa, na siku akianguka wote wanapigwa na bumbuwazi. Shule ikitangaza wazi kwamba mtoto mwenye kifafa hatolewi, wazazi watasema. Mpaka hapo, lawama za kuficha ziko mlangoni kwetu.

Huyo aliyefichwa ndiye anayechapwa. Si kila kifafa kinaangusha. Yuko mtoto anayeganda sekunde kumi, macho yametazama ubao bila kuuona, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, amekosa sentensi mbili za mwalimu. Yuko anayetafunatafuna midomo na kuchezea vifungo vya shati, akiitwa haitiki. Yuko aliyeanguka usiku, akaja asubuhi ulimi umeumwa na kichwa kizito. Na yuko anayesinzia kwa sababu ya dawa yenyewe, hasa fenobabitoni. Wote hawa huitwa wazembe, viburi, wavivu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo ni kwa idhini ya mkuu wa shule na visizidi vinne; wenye kufuata hilo tunawajua na wasiofuata tunawajua. Lakini hata kiboko kimoja kwa mtoto aliyepotewa na fahamu kwa sekunde kumi ni dhuluma, na mwalimu aliyekitoa hakujua kwa kuwa mazingira ya shule yake yamemfundisha mzazi asimwambie.

Wanaopinga msimamo wangu wana hoja, na hoja yao nzito ni wingi wa watoto. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa ya pwani yamejaa, na mwalimu mmoja wa Mbweni au Kerege anaweza kuwa na watoto kiasi cha kutomaliza kusahihisha madaftari. Anauliza: nimwangalie huyu mmoja saa ngapi? Ni swali la haki, ila limejengwa juu ya kutojua mambo yanavyokwenda. Mtoto mwenye kifafa hahitaji kuangaliwa siku nzima. Anahitaji kuhudumiwa anapoanguka, na kwa walio wengi kuanguka hukoma kwenyewe ndani ya dakika mbili tatu. Akiwa anameza dawa vizuri, huenda muhula mzima ukapita bila tukio lolote.

Na huduma yenyewe haimshindi mtoto wa darasa la tano. Unaondoa madawati na mawe yaliyo karibu. Unamwekea sweta au mkoba chini ya kichwa. Unalegeza kola, na kwa msichana unalegeza ushungi na kutoa pini shingoni. Mtikisiko ukipungua unamlaza ubavu ili mate yatoke. Unatazama saa. Humshiki kwa nguvu, humwagii maji, humnusishi kiatu wala kitunguu, na huweki kijiko, kijiti wala kidole mdomoni, kwa kuwa ulimi haumezwi, na kijiko huvunja meno. Unakaa naye mpaka arudiwe na fahamu, unamwacha alale kidogo, anarudi darasani. Ikipita dakika tano hajatulia, au akaanguka tena kabla hajazinduka, au ameumia, au amenywa maji, hapo ndipo inatafutwa pikipiki au gari ya kumkimbiza kituo cha afya. Ni hayo tu.

Wengine wanasema wenzake wataogopa. Wataogopa mara ya kwanza. Watoto husoma hofu kwenye uso wa mtu mzima aliye karibu: mwalimu akikimbia, watakimbia mwezi mzima, mwalimu akipiga goti akamwekea mwenzao sweta, mara ya tatu watakuwa wanaifanya wenyewe na kurudi kwenye hesabu zao. Mtoto anayetolewa shuleni baada ya kuanguka ndiye anayewafundisha wenzake kwamba kifafa ni jambo la kutisha, na hao ndio watakaokuwa waajiri, wakwe na walimu wa miaka 20 ijayo.

Hofu ambayo walimu huisema kwa sauti ya chini ni ya kulaumiwa. Akifia mikononi mwangu? Siipuuzi. Kifafa huua, ingawa kuanguka kumoja mara chache sana huua. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta watu wenye kifafa cha kuanguka wakifa kwa kiwango kinachozidi mara sita kile cha wenzao, na kutomeza dawa kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari hiyo. Kwa hiyo mwalimu anayeogopa kifo cha mtoto ana sababu ya kumweka karibu na kuulizia dawa zake. Kumtoa shuleni kunampunguzia mwalimu lawama. Hakumpunguzii mtoto hatari hata chembe. Hata hivyo nakiri kwamba mwalimu hawezi kubebeshwa mzigo huu peke yake. Afisa elimu kata na halmashauri wanapaswa kumhakikishia kwa maandishi kwamba aliyetoa huduma ya kwanza ipasavyo hataburutwa popote. Bila hilo, tunamtaka awe shujaa huku wakubwa wake wakijificha nyuma yake.

Kuhusu akili, hapa pia tuseme kweli. Wapo watoto ambao jeraha lililoleta kifafa liliharibu pia kumbukumbu au lugha, na hao wanahitaji ufundishaji wa polepole na pengine kitengo cha elimu maalumu. Lakini kifafa peke yake si kipimo cha akili. Watoto wengi wenye nacho wana akili kama za wenzao, na wanaoshindwa masomo mara nyingi wameshindwa kwa kukosa vipindi. Tunawatoa darasani, kisha tunatumia kutojua kwao kusoma kama ushahidi kwamba hawakufaa kuwa darasani.

Kuna mkanganyiko wa pwani ambao lazima uondolewe. Shule zetu, hasa za wasichana, hupatwa na kile tunachokiita kuanguka mapepo: anaanza mmoja kwa kilio, wanafuata kumi, ishirini, shule inafungwa, anaitwa shekhe au mchungaji. Hayo ni matukio ya hofu na msongo yanayosambaa katika kundi, na Tanganyika iliwahi kushuhudia aina yake huko Kashasha, Bukoba, mwaka 1962, wasichana walipocheka na kulia kwa zamu mpaka shule ikafungwa. Kifafa hakifuati kundi. Humwangusha mmoja, popote, mara nyingi bila dalili yoyote, humkakamaza na kumtikisa kwa mpangilio, humwuma ulimi, humtoa haja ndogo, kisha humwacha na usingizi mzito. Mwalimu asiyetofautisha mawili haya huwasomea dua wote kwa pamoja, na yule mmoja aliyehitaji dawa anahesabiwa kuwa amehudumiwa. Dua si adui wa dawa. Mzazi anayemsomea mwanawe usiku anaweza kumpa kidonge chake usiku ule ule. Nawaambia hivi hasa walimu wa madrasa, ambao watoto wetu hukaa nao alasiri nzima: mwezi wa Ramadhani mtoto mwenye kifafa asiachwe akatize dawa ili akamilishe saumu. Kukatiza fenobabitoni ghafla kunaweza kuleta mishtuko mfululizo isiyokoma, na dini imempa mgonjwa ruhusa yake.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo kwangu ndilo kubwa, kwa sababu linabadilisha nafasi ya mwalimu katika habari nzima. Kifafa hutambuliwa kwa maelezo ya aliyeona. Daktari wa Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo karibu kamwe hamwoni mtoto akianguka. Mtoto anafika mbele yake ametulia, anatabasamu. Kipimo cha umeme wa ubongo kipo katika hospitali chache kubwa, na hata kikiwapo kinaweza kuonyesha sawa kwa mtu mwenye kifafa. Kinachomsaidia daktari kuamua ni kifafa au si kifafa, na ni cha aina gani, ni mtu anayeweza kusema: alianza kwa mkono wa kulia, kichwa kikageukia upande huu, ikachukua dakika mbili, aliamka hajijui. Hakuna shahidi bora wa hayo kuliko mwalimu, mtu aliyesoma, mwenye saa, kalamu na daftari, anayekaa na mtoto saa nyingi za mchana. Ukurasa mmoja ulioandikwa na mwalimu unaweza kumwepusha mtoto na miaka ya dawa isiyo yake. Tumemfanya mwalimu aone kifafa kuwa jambo la watu wa afya ambalo yeye anapaswa kulikwepa, kumbe watu wa afya wanamhitaji kabla ya kuandika dawa.

Nchi hii ina historia ya kuonyesha kwamba mambo haya hayangoji mashine kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dk. Louise Jilek-Aall, mwenye asili ya Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, mlimani Ulanga, mahali ambapo wenye kifafa walikuwa wakitengwa hata katika kula. Dawa ya bei ndogo iliyomezwa kila siku iliwarudisha wengi kati ya watu. Bagamoyo nayo haikosi wataalamu. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake hapo mjini, na watoto wa wilaya hii walishiriki katika majaribio ya chanjo za malaria, RTS,S na baadaye R21, ambazo sasa zinawakinga watoto wa nchi nyingine za Afrika. Wazazi wa Bagamoyo wameipa dunia kiasi hicho. Hawastahili kuambiwa kwamba mwana wao aliyeachiwa kifafa na malaria ya miaka iliyotangulia hana nafasi katika shule ya kijiji chake.

Na iko ADEM. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, chuo kinachowanoa walimu wakuu na wakuu wa shule wa Tanzania nzima, makao yake yako Bagamoyo. Wanaopita katika madarasa yake ndio wanaorudi kuamua mtoto gani abaki na yupi apumzishwe. Kipindi kimoja cha mchana kinatosha kuwaonyesha jinsi ya kumlaza mtoto ubavu na jinsi ya kuandika walichokiona. Lakini kipindi hicho kikiishia kwenye "kifafa hakiambukizi", tutakuwa tumerudi kule kule. Kinapaswa kusema bila kupindisha maneno kwamba mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumweka mtoto nyumbani kwa sababu ya kifafa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa hali yake ya afya na inampa haki ya elimu, na haisemi kwamba haki hiyo inaanza akipona.

Ninachokidai si kwamba tufumbe macho. Mtoto mwenye kifafa asipande mnazi wala mwembe wa shule, asitumwe kisimani peke yake, asiwekwe zamu ya jikoni, asiende kuogelea na wenzake bila mtu mzima, asikeshe kwa maandalizi ya mtihani, maana kukosa usingizi humwangusha. Mwalimu wa zamu ajue jina lake, dawa yake na namba ya simu ya mzazi. Hayo ndiyo mambo ya usalama, na yote yanawezekana akiwa ndani ya uzio wa shule.

Mwalimu mkuu unayesoma hapa, kama yuko mtoto uliyemwambia mzazi wake akae naye nyumbani mpaka apone, mwite mzazi huyo wiki hii. Usimwite kumhoji. Mwambie mtoto aje Jumatatu, aje na dawa yake, na kwamba kiti chake kipo.